Nyumba Tupu ya Genkuru

Simu ilimkuta Waisiko amesimama. Mambo mengi yalimkuta hivyo. Duka la huduma za intaneti alilofanyia kazi mjini Tarime lilikuwa na viti vinne, na vyote vilikuwa vya wateja. Yeye alizunguka kati ya kompyuta na mashine ya kuchapa kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Wamenichorea ndoano mlangoni," alisema shangazi yake, Boke, kutoka Genkuru.

"Ndoano gani, shangazi?"

"Nyekundu. Imepinda juu, chini ina kitone. Nimetoka shambani nikaikuta, rangi bado inanata. Jirani zangu wamechorewa tiki. Mimi nimepewa ndoano."

Waisiko aliacha kutembea. Hiyo haikuwa ndoano. Ilikuwa alama ya kuuliza, na swali lenyewe lilikuwa fupi: je, kuna mtu anayeishi humu?

Mahali pengine swali hilo lingechekesha. Kitongoji cha Boke kilikuwa kimepangiwa kuhama ili kupisha upanuzi wa mgodi. Waliothibitika kuwa wakazi wangepewa kiwanja na nyumba upande wa pili wa barabara. Wengine wangepewa muda wa kung'oa mabati yao, na habari ingeishia hapo. Tangu tangazo hilo litoke, nyumba zilichipuka kama uyoga: kuta zisizo na msingi, milango isiyo na kufuli, vyumba ambavyo havijawahi kulaliwa. Watu waliziita tegesha. Zilijengwa ili mwenyewe ahesabiwe, si ili mtu akae ndani. Kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji na mthamini aliyetoka Musoma walipita mlango kwa mlango wakitafuta dalili za uhai. Ushahidi wa jirani haukuwa na uzito tena, kwa kuwa kila jirani alikuwa ameshamwapia mwenzake uongo.

"Walisema nini?" Waisiko aliuliza.

"Mimi sikuwepo. Shemeji Kisyeri ndiye aliyenieleza, yeye ndiye mwenyekiti. Walichungulia dirishani. Wakaona ukuta mweupe na kigoda kimoja. Jiko hakuna, masizi hakuna. Kibanda changu cha kupikia nje wakasema hata tegesha zinacho. Yule dada mthamini akasema nyumba hii ameshaiona kwenye simu yake, na mwenyewe ameandika kabisa kwamba ni tupu. Wanarudi Ijumaa kumaliza."

"Kwenye simu," Waisiko alirudia.

"Ndiyo, mwanangu. Kwenye hiyo tovuti yako."

Tovuti iliitwa Vichache. Waisiko alikuwa ameijenga kwa miezi mitano, kila alipotoka kazini na kila Jumapili. Katika miaka mitatu alikuwa amehama vyumba vinne, na kila alipohama aliapa kwamba hatabeba tena mzigo ambao hajui kazi yake. Kiapo hicho ndicho kilichozaa tovuti. Mtumiaji alipiga picha ya kila kitu chumbani mwake, na kwa kila kitu tovuti ilimuuliza: ulikitumia lini mara ya mwisho? Majibu yalikuwa matatu: leo, mwezi huu, sikumbuki. Aliyejibu kwamba hakumbuki alipelekwa kwenye ukurasa wa kugawa. Kurasa zilifunguka upesi. Rangi zilikuwa mbili tu.

Kilichokosekana ni mtu. Wageni wa mwanzo waliandika kwamba hayo ni maisha ya kwenye filamu. Mmoja wa Sirari aliandika, "Dada, wacha story. Tuonyeshe hata mtu mmoja wa huku kwetu."

Hapo ndipo Waisiko alipomkumbuka shangazi yake aliyemlea. Mumewe alipofariki, na mtoto wake wa tano alipokwisha kuolewa, Boke aligawa vitu vyake kwa mkono wake mwenyewe: viti, kabati, sufuria za sherehe. Alibaki na kitanda, sanduku la bati, kigoda, mtungi, sufuria mbili, mwiko na jembe. Hakuwa amefundishwa na tovuti yoyote.

Tatizo lilikuwa masizi. Kwa miaka zaidi ya thelathini Boke alikuwa amepika ndani, juu ya mafiga matatu. Kuta zilikuwa nyeusi kama mgongo wa sufuria. Nyuzi za masizi zilining'inia kutoka kwenye mabati. Katika picha ya kwanza nyumba ilionekana kama pango. Waisiko alirudi wiki iliyofuata na mifuko miwili ya chokaa. Aliyatoa mafiga nje, akafagia paa, akapaka kuta mara tatu.

"Chokaa haifichi masizi," Boke alimwambia siku hiyo, huku amemshikia ndoo. "Huyalaza tu."

"Acha yalale, shangazi. Mimi nataka picha moja."

Picha ilipatikana: ukuta mweupe, dirisha, Boke juu ya kigoda, mikono magotini. Chini yake Waisiko aliandika: Nyumba tupu, moyo mwepesi. Hakuna ukurasa mwingine wa Vichache uliotazamwa kama huo. Ile picha ya pango aliifuta kwenye tovuti, kisha akaifuta kwenye simu pia. Boke mwenyewe aliomba hivyo, asije akaonekana mchafu kwa watu wa Tarime, na Waisiko alikuwa na kanuni ya kutohifadhi asichokitumia. Boke naye aliupenda weupe ule. Akaendelea kupikia nje, chini ya kibanda cha nyasi.

Mchuma janga hula na wa kwao. Safari hii wa kwao ndiye aliyetangulia kula.

Alhamisi mchana Waisiko alifika Genkuru kwa pikipiki. Alikuta kochi likiingia mlangoni kinyumenyume. Nyuma ya kochi alikuwapo mwanamume mpana mwenye kofia ya sufu. Huyo alikuwa Mabula, Msukuma aliyekuja kuchimba dhahabu miaka kumi iliyopita, kisha akagundua kwamba kukodisha samani hakuvunji mgongo sana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usisimame hapo, msaidie mwenzako."

"Pole na safari, dada," Mabula alisema. "Shika huo mguu. Taratibu, umelegea."

Waisiko aliushika mguu kabla hajafikiri. Kochi lilikuwa jekundu, na kwenye mkono wake wa kushoto palikuwa na tundu lililochomwa na sigara.

"Hiki ni nini?"

"Kochi."

"Naona kwamba ni kochi."

"Basi macho yako ni mazima," Mabula alisema. "Kabati linakuja, na televisheni. Televisheni haina kitu tumboni, lakini nani ataiwasha? Masizi je, mnahitaji? Ninayo ya siku mbili. Nachoma tairi na majani mabichi, ukuta unazeeka huku unautazama."

"Hapana," Waisiko alisema.

"Masizi hapana," Boke alisema. "Nitakohoa bure. Kochi sawa."

Mabula alikwenda kuchukua kabati. Waisiko alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi, akajigonga kwenye kochi. Chumba kilikuwa kimepungua ghafla.

"Shangazi, wewe unaishi humu kweli. Kwa nini ukweli wako uutetee kwa kochi la uongo?"

"Ukweli nilikwenda nao kwa Kisyeri. Akaniambia, shemeji, najua, lakini kalamu si yangu, na mimi ni ndugu yako, nikifungua mdomo nitakuharibia." Boke aliuchukua mwiko uliokuwa juu ya sanduku, akauelekeza ukutani. "Ukweli wangu ulikuwa pale. Ukaupaka rangi."

Waisiko aliugusa ukuta mweupe kwa kiganja.

"Halafu acha kuniita mtu wa vichache," Boke aliendelea, bila ukali. "Hilo ni neno lako. Mimi niligawa kwa sababu watoto walikuwa wanaanza maisha na hawana kitu. Wangenirudishia leo, ningepokea. Nikikosa nyumba ng'ambo ya barabara nitakwenda kuishi kwa nani? Kwa Nyangi, nikalale na wajukuu jikoni? Nitakuwa mgeni hadi nife. Sasa panga chumba. Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Alipanga. Kwa uchungu wake wote, alipanga vizuri. Kochi alilielekeza kwenye mwanga. Televisheni aliiweka juu ya sanduku na kuifunika kitambaa. Kwenye kona ya nyuma aliona kitu alichokuwa amekisahau: baka la kahawia lililotokeza juu ya chokaa, pana kama sahani. Siku ya picha lilikuwa dogo kama sarafu, naye alilifuta pichani kwa kompyuta. Sasa alisukuma kabati mpaka likalificha. Alisimama katikati ya chumba na kuangalia kazi yake. Ilikuwa nyumba ya mtu yeyote. Shangazi yake hakuwemo.

Usiku huo hakupata usingizi wa maana. Kulipokucha alikwisha kuhesabu mara nyingi hatua za kutoka mlangoni hadi kisimani.

Saa tatu asubuhi wakaja. Mzee Kisyeri alitangulia, mwembamba, fimbo kwapani. Bernadetha, mthamini, alimfuata akiwa na buti za mvua, jalada na kopo la rangi. Alimwamkia Boke shikamoo kwa heshima, akavua kofia, akaketi kwenye kochi bila kuambiwa.

"Kochi zuri, mama."

"Asante, mwanangu."

"Ulilinunua lini?"

Boke alimtazama Waisiko. "Zamani."

"Zamani ipi?" Bernadetha aliuliza kwa upole. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinapapasa mkono wa kushoto wa kochi. Kilipolipata tundu la sigara, kikazama ndani. "Jumatatu nililikalia kwenye nyumba ya kwanza kule bondeni. Jumatano nikalikalia kwa yule fundi viatu. Siku zote mbili nilikaa nikachezea tundu hili. Ni tabia yangu mbaya."

Mzee Kisyeri aliinua uso na kutazama mabati. Dirishani, kofia ya Mabula iliyokuwa ikionekana ilitoweka.

Bernadetha alifungua jalada. "Nasikitika, mama. Jumanne nilikuwa na shaka. Leo sina shaka."

Akafungua kalamu. Waisiko aliisikia ile sauti ndogo ya kifuniko. Miguu yake ilitaka kutoka nje. Ilitaka barabara, pikipiki, chumba kingine cha kupanga ambako hakuna anayemfahamu. Alimtazama shangazi yake. Boke alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, vilevile kama kwenye picha. Hakuwa na moyo mwepesi. Hata siku ile huenda hakuwa nao.

"Dada," Waisiko alisema, "kochi si letu. Ukuta ndio wetu."

"Ukuta una nini?"

Waisiko alilisukuma kabati, na televisheni isiyo na tumbo ikatikisika juu ya sanduku. Akachukua kisu cha Boke cha kukatia mboga, akakwangua palipokuwa na baka. Chokaa ilianguka kwa magamba, kama pumba za mahindi. Chini yake ukuta ulikuwa mweusi, unang'aa kana kwamba umepakwa mafuta.

"Mimi ndiye niliyepaka," alisema huku anakwangua. "Mimi ndiye niliyeyatoa mafiga. Nyumba haikuwa tupu. Niliiandika tupu kwa sababu neno lilikuwa zuri."

Bernadetha alisogea. Alipitisha kidole juu ya weusi, akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Masizi ya Mabula hutoka," alisema.

"Kumbe unamjua Mabula," Kisyeri alisema.

"Nani asiyemjua, mzee?" Alinyoosha mkono. "Nipe hicho kisu. Unaweza kuwa umeandaa mahali hapa tu. Nitachagua mwenyewe."

Alikwenda ukuta wa pili, juu ya kitanda, mahali ambapo hata Waisiko hakuwahi kupatazama. Alichimba kwa ncha, polepole, mpaka kisu kikazama nusu kidole. Akainama, akasogeza uso.

"Kuna udongo chini ya masizi," alisema. "Na masizi chini ya udongo. Mama, hii ni nini?"

"Harusi," Boke alisema.

"Harusi?"

"Kila mtoto wangu alipokaribia harusi, nilikandika nyumba upya. Huwezi kupokea wakwe kwenye ukuta mweusi. Wakiondoka, ninawasha moto, unakuwa mweusi tena."

Bernadetha alitazama tena ndani ya shimo. Kisha akasema, "Geuka, mama, utazame mlango. Nieleze kabla sijachimba. Nikikuta ulivyosema, nitaandika ulivyosema."

Boke aligeuza kigoda chake, akawapa mgongo. Waisiko alijibana ukutani.

"Wa juu ni Nyangi," Boke alianza. "Ameolewa miaka saba sasa. Masizi yaliyo juu yake ni mazito, ni ya miaka hiyo saba, mpaka huyu alipoleta chokaa yake."

Kisu kilikwaruza. "Mazito," Bernadetha alisema. "Endelea."

"Chini ya Nyangi ni Joel. Kati yao ni miaka minne."

"Endelea."

"Chini ya Joel ni Daudi. Hapo utakuta masizi membamba kama karatasi, huenda usiyaone. Walifuatana mwaka mmoja. Daudi aliposikia kwamba Joel ameshapeleka ng'ombe ukweni, naye akataka kuoa hapohapo. Yeye ndiye mkubwa. Hakukubali kupitwa."

Mzee Kisyeri alicheka puani. "Tulikandika mvua ikinyesha," alisema, kisha akakumbuka kwamba hakutakiwa kusema.

Bernadetha alichimba muda mrefu. Udongo ulidondoka kwenye shuka la kitanda. Hakuna aliyesogea. Waisiko aliona ncha ya kisu inarudi nyuma, inasafisha, inarudi tena. Mwishowe mthamini alitoa simu, akawasha taa yake, akaangaza kwenye shimo.

"Yapo," alisema. "Kama karatasi."

"Chini ya Daudi ni Scola," Boke aliendelea, sauti yake sasa imetulia, "na hapo kati ni miaka mingi, maana Scola aliolewa mapema na Daudi alikuwa mzito wa kuposa. Chini ya Scola ni Rhobi, kifungua mimba. Chini ya Rhobi ni mimi. Mimi niliingia humu ukuta ukiwa mbichi."

Bernadetha hakuchimba hadi kwa Rhobi. Alikifuta kisu kwenye kiganja, akamrudishia Waisiko, akaandika mistari miwili. Kisha akainua macho.

"Inakaliwa," alisema. "Kochi nitaliandika pia. Nitaandika kwamba ni mgeni." Akamgeukia Waisiko. "Na wewe. Nyumba karibu mia nimezikagua hapa, na watu wote wananidanganya kwamba wanavyo vitu. Wewe peke yako ulinidanganya kwamba hamna. Sikuwa nimejiandaa."

Nje alichovya brashi na kuipitisha juu ya alama ya zamani, akachora tiki. Boke alitoka kuangalia.

"Ndoano imeondoka?"

"Imepata samaki, shemeji," Kisyeri alisema, akaondoka na fimbo yake kwapani kabla hajasema neno jingine la kindugu.

Mabula alirudi na mkokoteni wake baada ya muda ambao aliuona wa adabu. Alimkuta Boke ameketi kwenye kochi, amenyoosha miguu, anajaribu egemeo kwa mgongo.

"Kumbe ni laini," Boke alisema. "Unauza?"

"Mama, hili lina ratiba. Saa sita linatakiwa pale kona."

"Huko litamwumbua mwenye nyumba. Kidole cha yule dada kinalijua."

Mabula alilitazama kochi kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyekatika mguu. "Basi tuzungumze," alisema.

Waisiko alikuwa dirishani na simu yake. Alikuwa amepiga picha ya ukuta: weupe, na katikati yake jeraha jeusi. Alifungua Vichache, akafuta maneno yaliyokuwa chini ya picha ya shangazi yake. Akaandika mengine, akayafuta. Akaandika tena, akafuta. Alijaribu kuuingiza ukuta kama kitu, naye akakutana na swali lake mwenyewe: ulikitumia lini mara ya mwisho? Leo. Mwezi huu. Sikumbuki. Kidole chake kilielea juu ya majibu matatu. Angeweza kuongeza la nne. Angeweza kuifuta tovuti nzima kabla pikipiki ya kurudi Tarime haijafika, na kuanza upya jioni hiyohiyo. Alianza kutembea.

"Acha simu," Boke alisema kutoka kwenye kochi. "Nirudishie mafiga yangu ndani."

"Ndani humu?"

"Ulikoyatoa."

"Shangazi, nyumba imeshapita. Na itabomolewa muda si mrefu."

"Itabomolewa siku yake," Boke alisema. "Ugali ni wa leo."

Waisiko aliiweka simu dirishani. Jiwe la kwanza lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka, nalo lilimpaka masizi kifuani. Alisimama nalo katikati ya chumba, akitafuta mahali pake, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuweza kutembea.